CHF ya kaya au kifurushi cha mtu mmoja?

Jirani yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Ana mke na watoto wanne. Mwishoni mwa 2019 tulikaa na simu yake tukalinganisha bima mbili. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya nzima ya watu 6. Najali Afya, kifurushi cha NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) kilichokuwa kimetoka kuzinduliwa, kilianzia 192,000 kwa mwaka, tena kwa mtu mmoja mwenye miaka 18 hadi 35. Kwa bei tu, hakuna cha kushindanisha.

Ila kadi huulizwa inakufikisha wapi. Ile ya CHF ilianzia zahanati, ikapanda kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na kwa rufaa ikafika Sekou Toure, hospitali ya mkoa. Basi. Bugando kule kilimani, hospitali ya kanda wanakopelekwa wagonjwa wa saratani, ilikuwa nje ya kadi. NHIF ilivuka mpaka huo.

Nilimwambia achukue CHF. Malaria na kichocho cha watoto wanaoshinda ziwani hutibiwa hukuhuku chini. Mama yake, ambaye figo zinamsumbua, alikuwa hesabu nyingine: bei ya kifurushi ilipanda na umri.