Boti inayojua kusubiri: uzoefu wangu wa kutazama pomboo, nyangumi na kasa

Nimeshapanda boti za kampuni hii ya kupeleka wageni kutazama pomboo, nyangumi na kasa zaidi ya mara moja, kwa hiyo haya si maneno ya furaha ya siku moja. Wengi wanaoniuliza kuhusu safari hizi wana swali moja tu: utawaona au hutawaona? Mara nyingi utawaona. Lakini mimi safari ya namna hii naipima kwa kumtazama mnyama baada ya boti kufika. Akiendelea na shughuli zake kama kawaida, nahodha anaijua kazi yake. Akigeuza njia ghafla, akaanza kupigapiga maji kwa mkia, au akazama na kuibukia mbali, safari hiyo ni mbovu hata picha ziwe nzuri kiasi gani.

Nimeiona hiyo mbovu pia, kwa kampuni nyingine. Pomboo walipoonekana tu, nahodha aliongeza mwendo, boti nyingine zikaja mbio kutoka kila upande, na abiria wakahimizwa kurukia majini mbele ya kundi. Pomboo wakazama. Boti zikakimbilia walikoibukia. Wakazama tena. Nilishuka nikiwa nimeudhika sana, maana wale wanyama hawakupata hata nafasi ya kuvuta pumzi kwa utulivu.

Kwa hawa ninaowasifu leo, maelezo yalianza tukiwa bado gatini. Hakuna kulisha, hakuna kugusa, hakuna kupiga makofi wala miluzi. Halafu mwongozaji akaeleza jambo ambalo wengi hatukulijua: pomboo wale wanaoruka na kujizungusha hewani huwinda usiku kwenye kina kirefu, na mchana huingia kwenye ghuba tulivu kupumzika. Tulipowafikia ndivyo walivyokuwa, wamebanana, wanaogelea polepole, wanaibuka pamoja na kuzama pamoja, hakuna anayeruka.

Mama mmoja aliyekaa mbele akasema, "Nahodha, sogea basi kidogo tuwaone vizuri."

Akamjibu kwa upole, "Mama, hao wamelala. Tukisogea tunawaamsha."

Akatoa gia, tukawa tunaelea tu, na baada ya muda mfupi akatuondoa pale. Kuna walionuna. Mimi nipo upande wa nahodha bila kusita. Kule Hawaii, tangu 2021 sheria inakataza kuwasogelea pomboo wa aina hiyo kwa umbali wa chini ya mita 45 hivi, au kuogelea nao karibu kuliko hapo, na sababu ni hiyo hiyo ya kulinda mapumziko yao. Na madhara yake yanapimika. Huko Shark Bay, magharibi mwa Australia, watafiti walichapisha mwaka 2006 matokeo yaliyoonyesha kwamba kampuni za kutembeza watalii zilipoongezeka kutoka moja hadi mbili, pomboo kwenye eneo hilo walipungua. Serikali ikarudisha leseni kuwa moja.

Kwa nyangumi ndipo nilipouona ufundi hasa. Nahodha hakumkabili kwa mbele wala kumfuata kwa nyuma. Alikwenda sambamba naye, ubavuni, kwa mwendo wa mnyama mwenyewe, na hakumsogelea kwa umbali wa chini ya mita 100. Alipogundua kuna mtoto ubavuni mwa mama, akarudi nyuma zaidi. Australia hutaka boti zikae mita 300 panapokuwa na mtoto, na ukiijua hali ya mama utaelewa. Nyangumi-nundu hujilisha kwenye bahari za baridi, kisha husafiri maelfu ya kilomita kwenda kuzaa kwenye maji ya joto, na huko kwa kawaida hali chochote cha maana. Maziwa anayomnyonyesha mtoto yanatokana na mafuta aliyoyahifadhi mwilini. Ukimkimbiza, unamchomea akiba hiyo.

Kisha wakazima injini na kushusha maikrofoni ya chini ya maji. Nyangumi dume alikuwa akiimba mahali fulani mbali nasi: mlio mrefu mzito, kama mlango mkubwa unaofunguka taratibu, halafu vilio vyembamba vikipanda na kushuka, halafu ule mlio mzito tena. Boti nzima ilinyamaza. Ghafla boti nyingine ikapita, mbali kiasi kwamba kwa macho ilikuwa kidoa tu, na kwenye spika wimbo ukafunikwa kabisa na ngurumo ya propela. Ilichukua muda hadi sauti ile ikasikika tena. Kwa maoni yangu, kila kampuni ingepaswa kuwa na kifaa hicho, kwa sababu hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kukufikishia jambo hilo namna ile.

Kasa ndio wanaosahaulika, na boti huwaua kwa kuwagonga. Tulipokaribia nyasi za bahari, baharia mmoja alikwenda kukaa omo kuangalia maji, na mwendo ukashuka hadi karibu na ule wa kutembea kwa miguu. Hili lina msingi. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2007 ulionyesha kuwa kasa wa kijani wengi huwahi kukwepa boti inayokwenda kilomita 4 kwa saa, lakini ikifika kilomita 19 ni wachache mno wanaowahi. Tulimwona mmoja akiinua kichwa, akatoa pumzi kwa mkoromo mfupi, akavuta nyingine, akateremka bila haraka. Hakutujali, na hiyo ndiyo alama bora kabisa ninayoweza kumpa nahodha.

Kasoro zipo. Kivuli cha boti ni kidogo, waliokaa tezi walichomwa na jua safari nzima. Darubini hazitoshi, na kwa kuwa mnakaa mbali kwa makusudi, darubini si anasa. Tangazo lao nalo lina picha ya pomboo akiruka karibu kabisa na boti, jambo linalowajaza wageni matarajio yanayomsumbua nahodha baadaye. Waiondoe.

Hawakuahidi kwamba lazima tuwaone wanyama, na nimewapa alama kwa hilo, maana nahodha aliyefungwa na ahadi hiyo atakimbiza tu. Popote ulipo, kabla hujalipa, waulize: mkikuta boti tatu zimeshafika kwa mnyama, mnafanya nini? Hawa walinijibu kwamba wanasubiri mbali, na zisipoondoka wanaondoka wao. Nimewaona wakifanya hivyo kweli.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Beba kofia, koti jepesi na darubini yako mwenyewe.