Sufuria ya Kubeba Mlimani: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Ukijiandaa hapa Nairobi kwenda kulala siku kadhaa Mlima Kenya, kwa njia ya Sirimon au Chogoria, utashauriwa ununue chombo cha titani kwa kuwa ni chepesi mno. Mimi nakiweka nafasi ya tatu, na sababu ni chakula chetu.

Ya kwanza ni sufuria ya alumini iliyotiwa tabaka gumu, ile ya kijivu kilichokolea, yenye kifuniko na mkono wa kukunja. Lita moja inamtosha mtu mmoja. Wawili wachukue lita moja na nusu. Jiko dogo la gesi lina mwali mwembamba unaochoma katikati ya kitako, na alumini huusambaza moto huo hadi pembeni. Ukisonga ugali au kuchemsha chai ya maziwa utaiona faida yake. Kambi ya Shipton, kwenye njia ya Sirimon, iko kwenye mita 4,200 hivi, na huko maji huchemka yakifika nyuzi 86 tu, kwa hiyo wali hukaa motoni muda mrefu kuliko nyumbani. Sufuria inayounguza haikufai hapo. Maharagwe makavu usiyabebe kabisa.

Ya pili ni sufuria ya kawaida, ndogo, ya duka lolote au ya mafundi wa Kamukunji. Nayo ni alumini, na bei yake ni nafuu sana. Haina mkono, lakini ukingo wake uliopinda nje hushikika vizuri kwa koleo dogo. Bonyeza kitako kwa kidole gumba: kikibonyea, rudisha. Fundi akukatie kifuniko bapa. Kwa anayeanza, naipendekeza hii bila kusita. Pesa itakayobaki itie kwenye mfuko mzuri wa kulalia, maana baridi ya usiku kule juu ni kali.

Titani, basi. Kikombe cha mililita 750 hakina mpinzani kwa anayechemsha maji ya kahawa na tambi za pakiti tu. Ila titani haipitishi joto vizuri: uji huungua katikati huku pembeni ukiwa bado vuguvugu.

Ya mwisho ni chuma cha pua. Ni imara, lakini ujazo uleule wa chuma una uzito karibu mara tatu ya alumini. Kitumie ukipiga kambi Naivasha na gari liko kando.

Zenye mpako usioshika chakula sizipangi. Kijiko cha chuma huukwangua mapema.

Nenda dukani na mtungi wako mdogo wa gesi uutumbukize ndani. Ukiingia pamoja na jiko na kiberiti, begi limepata nafasi. Kisha omba mzani, upime sufuria pamoja na kifuniko na mkono wake.