Jioni Nne za Kujifunza Kunyamaza, Mji wa Kale

Mwezi uliopita nilihudhuria mafunzo ya usemaji na muziki katika ukumbi mdogo wa ghorofani, Mji wa Kale, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Fort Jesus. Ada ilikuwa shilingi 4,000 kwa jioni nne, kahawa na kaimati zikiwemo, na mada ilikuwa moja tu: namna ya kutumia kimya kujenga taharuki.

Kwangu mimi, jioni ya kwanza pekee ilistahili ada yote. Mwalimu wa ushairi alitusomea mshororo huu, "Sanduku akafungua, ndani mle akaona," kwa mkupuo mmoja, na hapakuwa na aliyeinua kichwa. Kisha akaurudia, akatua baada ya mizani (silabi) ya nane, pale ambapo ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, huachana na utao, nusu yake ya pili, akatua tena baada ya "akaona", nasi tukabaki tumemkodolea macho tukisubiri kujua kilichoonekana. Hapo nilielewa kwamba kimya hupata nguvu kutokana na jambo ambalo msikilizaji ameshaonjeshwa lakini bado hajapewa. Msemaji anayetua baada ya maana kukamilika huwa amepumzika tu, na wasikilizaji hupumzika pamoja naye.

Jioni ya ala ilikuwa nzuri vilevile. Sauti ya udi, ala ya nyuzi yenye shingo fupi, hufifia upesi, kwa hivyo mpigaji akiinua mkono kimya huja chenyewe, ilhali nyuzi za kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, huendelea kuvuma na mpigaji hulazimika kuzizima kwa kiganja. Katika takasimu, yaani upigaji wa ala moja unaobuniwa papo hapo, ambao haufungwi na mapigo ya ngoma ya dumbaki, mpiga udi alipanda taratibu hadi sauti moja kabla ya ile ambayo masikio yetu yaliitaka, akaacha. Sijui alikaa muda gani, ila jirani yangu alikuwa ameshika kikombe hewani bila kunywa. Tuliosoma chuo cha Qurani tulikumbuka sakta, yaani kukata sauti kidogo bila kuvuta pumzi, ambayo katika riwaya ya Hafsi, mojawapo ya namna za kuisoma Qurani, imo mahali 4, ingawa huko kusudi lake ni kuilinda maana wala si kusisimua.

Jioni ya hotuba ndiyo iliyonivunja moyo. Mkufunzi wake alitutaka tuhesabu kimoyomoyo hadi tatu baada ya kila hoja, na matokeo yake kila mmoja alitua kwa kipimo kilekile, hata ikawa rahisi kubashiri atanyamaza lini, na kimya kinachobashirika hakimshtui mtu. Isitoshe, feni ya dari ililia mfululizo, na tukiizima joto halivumiliki.

Nimeshajiandikisha tena kwa jioni za ushairi na udi, na nimewaomba wenye ukumbi waitengeneze feni ile kabla hatujaanza.