Raba za mtumba za soko la Karume, Dar es Salaam: zinafika kilomita 21?

Zinafika. Ila si zote, na si kwa bei anayokutajia muuzaji mara ya kwanza.

Mimi ni fundi cherehani wa Buguruni. Nakimbia na klabu ya jogging ya mtaani kwetu, wale watu wenye fulana za rangi moja unaowakuta barabarani alfajiri ya Jumapili wakiimba na kupuliza filimbi. Nakaa mkiani na sina haraka. Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, klabuni kila mtu anaongelea kilomita 42. Mimi nataka 21 ya Kilimanjaro Marathon pale Moshi, na nimalize nikiwa na kucha zangu zote.

Raba mpya ya kukimbilia, ya kampuni inayoeleweka, inanidai kuliko kodi ya fremu yangu ya mwezi. Zile mpya za bei poa zenye nembo kubwa, nyingi ni za kuiga: juu zinang'aa, ndani hakuna kitu. Kwa hiyo napanda daladala ya Uhuru, nashuka Karume.

Anayeijua Karume ya kabla ya moto wa Januari 2022 hatapotea sana. Raba zimepangwa kwenye meza na nyingine zimening'inizwa kwa kamba, zimesuguliwa kwa mswaki mpaka unasahau zimetoka kwenye robota. Hapo ndipo macho ya fundi yanaposaidia, maana kilichosafishwa ni kitambaa na kingo za soli, wakati kinachokubeba wewe ni sponji lililo katikati. Mimi siangalii kwingine kabla ya hapo. Naiweka raba juu ya kitu kilichonyooka na kuitazama kwa nyuma: ikilalia upande mmoja, mwenye mguu wa kwanza alikuwa akilalia upande huo, na wewe utalazimishwa umfuate. Halafu nabonyeza ubavuni kwa kidole gumba. Sponji zima linabonyea na kurudi. Lililochoka limekauka kama mkate uliolala, na lina mikunjo myembamba ya kulala. Kisha naikunja. Inatakiwa ikunjike pale vidole vinapoanzia. Ikikunjika katikati ya unyayo, rudisha mezani, hata kama rangi yake inakwenda na fulana yako.

Gundi pia inasema. Gundi ya kiwandani huioni. Ukiona mstari wa njano au utelezi unaong'aa pale soli inapokutana na kitambaa, fundi viatu amepita hapo. Si dhambi, kwa kutembelea inatosha. Kwa mazoezi ya kilomita 15 kwenye lami ya Dar es Salaam iliyoanza kupata joto, mimi siichukui.

Kijana aliyeniuzia ASICS Gel-Cumulus alinihakikishia haijawahi kuvaliwa.

"Kama haijavaliwa, mdogo wangu, hii alama ya dole gumba kwenye soli ya ndani ni ya nani?"

Akacheka. "Dada, wewe unajua. Lete hamsini."

Tulimalizana 32,000 baada ya kuanzia 60,000, na ningeondoka ningeitwa tena kwa 30,000, lakini jua lilikuwa limeshakuwa kali.

Jambo ambalo wanunuzi wengi wanalipita ni lebo iliyo chini ya ulimi wa raba. Namba za Ulaya, Uingereza na Marekani zinachanganya, na muuzaji anasoma ile itakayokuridhisha. Tafuta sentimita. Pima mguu wako nyumbani, jioni ukiwa umevimba kidogo, halafu ongeza sentimita moja hivi. Kwa ASICS, namba ya modeli ikianza na 1011 ni ya kiume, 1012 ni ya kike. Kwa New Balance kuna herufi ya upana: D ni upana wa kawaida wa kiume, B wa kike, 2E ni pana. Mimi nina mguu mpana wa mtu aliyekulia peku, kwa hiyo namba za kiume ndogo hunikaa vizuri zaidi. Lebo nyingine zina tarehe ya kutengenezwa. Sponji na gundi vinazeeka hata raba ikikaa kabatini, kwa hiyo ya miaka kumi ni pambo.

Bei inafuata umaarufu wa nembo, wala haifuati ubora wa kukimbilia. Nike hata iliyokwisha inatajiwa bei ya harusi. Brooks na Saucony, ambazo hazina mashabiki mtaani, zinakaa kando na kutajiwa bei ya kuondoa mzigo. Brooks Ghost yangu niliipata kwa 25,000 kwa sababu kijana alidhani ni ya hospitali.

Barabarani? Nimezipeleka Daraja la Tanzanite, nimezipeleka vilima vya Pugu, na nimepanda nazo Mlimani, Chuo Kikuu, kwa sababu njia ya 21 ya Moshi inapanda kuelekea Mweka kwanza ndipo inageuka kushuka. Kupanda kunachosha mapafu, ila kushuka ndiko kunakokagua raba: mguu unateleza mbele, vidole vinagonga. Ile sentimita ya ziada inalipa hapo. Cumulus ni laini na tulivu kwenye mteremko. Ghost ni ngumu kidogo, naipenda kwa mazoezi mafupi ya katikati ya wiki. Kubadilishana mbili kumenisaidia, na hakuna ninayoivaa kazini. Cherehani nakanyaga na kandambili.

Kasoro ni hizi. Hakuna kurudisha. Ukiipenda na si namba yako, ndiyo basi, hakuna ya pili. Hujui imeshakimbia kilomita ngapi, na raba nyingi hukadiriwa kufa kati ya 500 na 800, kwa hiyo umenunua nusu ya maisha, pengine robo. Mwenye maumivu ya goti au kisigino yasiyoisha, pesa yake aanze kuipeleka kwa daktari. Na ukifika nazo nyumbani, toa soli ya ndani uitupe, osha kwa sabuni, jaza magazeti, anika kivulini. Jua kali linaachanisha gundi.

Nenda asubuhi, siku ya katikati ya wiki, na soksi zako za kukimbilia kwenye mkoba. Usimfuate winga, yule dalali atakayekupokea kituoni. Chake kinaongezwa kwenye bei yako. Na jaribu zote mbili, kushoto na kulia, maana kuna siku nilipewa 39 na 40 zilizofungwa kamba pamoja.