Jaribio la kupima ujuzi wa kutafuta taarifa maktabani kwa mwaka wa kwanza, chuo kimoja Mbeya

Maswali 20 ya kuchagua, majibu manne kila moja. Anayebahatisha tu anaweza kuokota alama 5 hivi, kwa hiyo 8 kati ya 20 isikufurahishe. Karatasi ileile inarudi baada ya mafunzo, na hapo wanapima kumbukumbu. Wangebadilisha mada, ugumu ubaki uleule.

Sehemu ya vitendo ndiyo yenye thamani. Mwanafunzi anatafuta habari za magonjwa ya viazi mviringo, mkutubi anatazama anachoandika. Wengi huandika sentensi nzima ya Kiswahili kwenye katalogi (orodha ya vitabu vya maktaba kwenye kompyuta), wanapata sifuri, wanaamua kitabu hakipo. Kumbe vitabu vingi vya kilimo vimeorodheshwa kwa Kiingereza: andika potato AND disease (AND hudai maneno yote mawili yawepo), kisha nenda rafu za 630, namba ya vitabu vya kilimo. Mkutubi anaona kosa lilipoanzia, jambo ambalo karatasi haisemi.

Swali la "unajua kutafuta taarifa?" lifutwe, nani atasema hapana wiki ya kwanza? Badala yake waombwe marejeo matatu kamili. Atakayeleta kiungo kitupu cha intaneti, bila mwandishi wala mwaka, amejieleza mwenyewe.

Kompyuta ni chache. Makundi yasizidi idadi yake, la sivyo mmoja anabofya, wenzake wanachungulia.