Koili ya kupasha maji ndani ya jiko la kuni: koili nzuri, koki ya hatari

Koili hizi ni bomba la chuma cha pua lililokunjwa mara mbili tatu na kubanwa ubavuni, ndani ya sehemu ya moto. Ncha zake hutoka nje ya jiko na kuungwa na tangi lililo juu. Maji ya moto ni mepesi, hupanda. Ya baridi hushuka kushika nafasi yake. Pampu haihitajiki wala umeme. Kama jiko lako huwaka saa kadhaa kila siku, koili ni ununuzi mzuri. Kasoro ipo kwenye vikorokoro vinavyouzwa nayo.

Seti nyingi huja na koki ya kuweka kati ya koili na tangi, eti fundi aweze kutengeneza bila kumwaga maji yote. Msiiweke kabisa. Moto wa kuni hauna swichi: koki ikifungwa kwa bahati mbaya, kuni zinaendelea kuwaka na maji yaliyonaswa ndani hayana pa kwenda. Yakibanwa hivyo hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Shinikizo likifika bari 3 juu ya lile la hewa, hufika takriban nyuzi 143 yakiwa bado maji. Bomba likipasuka hapo, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Jiko linaweza kurusha vipande vya chuma chumba kizima. Valvu ya kuzuia maji kurudi nayo isikae kwenye mzunguko huo.

Mfumo tunaoupendekeza ni ulio wazi, yaani maji yake yana njia ya kupumua hewani wakati wote. Kitako cha tangi kiwe juu ya koili, na bomba la kupanda lipande mfululizo bila kigongo, maana hewa hujikusanya kwenye kigongo na mzunguko ukakatika. Utajua: bomba linagonga, jiko linawaka vizuri, tangi bado la baridi. Mabomba yote mawili yawe ya inchi moja. Robo tatu inatosha tu pale tangi lilipo karibu. Juu kabisa ya tangi litoke bomba la kupumulia, lipande kupita usawa wa tangi dogo la kulishia lenye boya, kisha lipinde na kuelekea ndani yake. Mdomo wake usizibwe kamwe. Penye baridi ya kugandisha, bomba hilo livikwe vizuri, kwa sababu barafu huziba sawasawa na koki.

Valvu ya usalama ya kwenye seti, ile inayojifungua shinikizo likizidi, ibaki, lakini kama mlinzi wa pili. Iwekwe karibu na koili, mdomo wake ushushwe kwa bomba la chuma hadi karibu na sakafu, na usifungwe kitu chochote mbele yake. Inueni kishikio chake kila baada ya miezi michache, la sivyo chokaa huigandisha.

Washa za mpira zinazokuja na nati tupeni, wekeni za shaba. Mita ya kwanza kutoka jikoni iwe chuma au shaba tupu, si PPR, bomba la plastiki ambalo hulainika kwa joto. Viungo vya hapo viwe vya nati ya kubana; risasi laini ya kuungia huyeyuka kuanzia nyuzi 180 hivi. Bomba la mabati lisiungwe moja kwa moja na la shaba, maana zinki huliwa haraka.

Kati ya saizi zinazouzwa, chagueni ndogo. Lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinahitaji kama kilowati-saa 4.7, kwa hiyo koili ya kilowati 1.5 huzimaliza kwa saa tatu na kidogo. Koili kubwa hupooza moto, moshi usioungua hugandia bomba la koili kama lami, na lami hiyo hiyo ikijaa kwenye dohani huweza kuwaka. Kuni zenye unyevu chini ya asilimia 20 hupunguza tatizo, haziliondoi.

Tangi lifike nyuzi 60 ili bakteria wa legionella, wanaoleta homa ya mapafu, wasistawi. Joto hilo huunguza ngozi kwa sekunde chache, hasa ya mtoto, kwa hiyo valvu ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi, iliyowekwa nyuzi 45 hadi 48, kabla ya bafu ni lazima. Seti tulizozichunguza hazina, nayo ni pungufu kubwa.

Moto usiwashwe koili ikiwa tupu. Ikikauka jiko likiwa limewaka, msiijaze: maji yakigusa chuma chenye joto kali hulipuka kuwa mvuke. Ondoeni kuni mkiweza, fungeni tundu la hewa, subirini jiko lipoe hadi liguswe kwa mkono, kisha ndipo mtafute maji yalikopotelea.