Playwright kwa timu za ajaili: naikubali sana, ila hiyo setingi ya retries (kurudia testi iliyofeli) iangalieni kwa macho mawili

Niseme mapema ili mtu asisome mpaka chini akitafuta jibu, Playwright ndiyo zana ya kutesti kwenye brauza ambayo ningeshauri timu yoyote ya ajaili inayofanya sprinti fupi (vipindi vifupi vya kazi, kila kimoja kikiisha na kitu cha kuonyesha) ianze nayo, na sababu yangu kubwa wala sio spidi (spidi ipo, inaridhisha), sababu ni kwamba testi ikifeli unapata ushahidi ambao developa na testa wote wanaukubali bila kuvutana. Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja iliyobaki nitaieleza, na nina hoja nayo kweli.

Kwa wasioijua vizuri: ilitoka hadharani Januari 2020 chini ya Microsoft, na walioianzisha ni watu waliokuwa Google wakitengeneza Puppeteer, zana nyingine ya kuendesha brauza kwa msimbo, kabla ya kuhama. Inaendesha Chromium (msingi wa Chrome), Firefox na WebKit (injini ya Safari), unaandika kwa JavaScript, TypeScript, Python, Java au C#, na ni chanzo huria kwa leseni ya Apache 2.0 kwa hiyo huhitaji kumpigia magoti mtu wa bajeti. Selenium, zana nyingine ya kazi hiyo hiyo, ni mkongwe kwake, imekuwepo tangu 2004 na bado inafanya kazi kubwa huko duniani, sina nia ya kuibeza hata kidogo. Ila nimekaa na zote mbili na tofauti ya siku hadi siku ni kubwa.

Tuanze na kusubiri maana hapo ndipo testi nyingi za brauza zinapofia. Mnajua ile tabia ya kuandika "ngoja sekunde 3" kabla ya kila kuklik, halafu ikifeli kwenye CI (mashine inayoendesha testi zote yenyewe kila msimbo ukibadilika) mtu anaongeza ziwe 5, halafu 10, mwisho wa siku unakuta nusu ya muda wa testi ni kulala tu na bado zinafeli. Playwright kabla haijaklik inaangalia yenyewe kwanza, je kitufe kinaonekana, kimetulia au bado kinasogea na animesheni, kimewashwa, na je ukiklik pale kweli kitufe ndicho kitakachopokea au kuna kitu kimekaa juu yake. Yote yakiwa sawa ndio inaklik. Na ukiiambia ihakikishe maandishi fulani yametokea, inarudia kuangalia mpaka yatokee au muda uishe, kawaida ni sekunde 5, na testi nzima imepewa sekunde 30 usipobadilisha. Kuna waitForTimeout pia kwa wanaong'ang'ania kulala, lakini hata maelezo yao wenyewe yanasema usiitumie kwenye testi za kweli. Mkiiona kwenye rivyu ya msimbo ikataeni hapo hapo.

Sasa Trace Viewer, kifungulio cha treisi, yaani rekodi ya testi ilivyokwenda. Hiki ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Kuna testi moja ya fomu ya kuhariri wasifu ilikuwa inafeli mara moja moja kwenye CI, leo inapita kesho haipiti, na kwenye stendapu (kikao kifupi cha timu cha kila siku) majibu yalikuwa yale yale, kwangu inafanya kazi, labda seva ilikuwa nzito, irudie tu itapita. Tukafungua treisi. Pale unapata mstari wa muda wa kila hatua, unabofya hatua unaona ukurasa ulivyokuwa kabla na baada, na sio picha tu, ni ukurasa wenyewe unaweza kuuchunguza elementi kwa elementi, pembeni kuna maombi yote ya mtandao na meseji za konsoli. Kwenye hatua ya kuklik "Hifadhi" logi ilikuwa inasema elementi nyingine "intercepts pointer events", yaani kuna kitu kinameza kliki, na ukiangalia ukurasa unakiona kabisa, kile kiboksi cha arifa ya ujumbe mpya kimekaa kulia chini kimefunika kitufe chote. Arifa haiondoki mpaka mtumiaji aifunge. Kwa nini mara moja moja? Kwa sababu testi mbili zilikuwa zinatumia akaunti moja kwa wakati mmoja, ya ujumbe ikiwahi kutuma basi ya wasifu inapata arifa, isipowahi hakuna arifa. Na kwa nini madevelopa hawakuiona? Wana skrini pana, Playwright inafungua dirisha la 1280 kwa 720 usipoibadilisha, na kwa upana huo arifa na kitufe vinakutana.

Angalieni kilichotokea hapo. Testi iliyokuwa inaitwa "haieleweki" ilikuwa na makosa mawili ya kweli ndani yake, moja la data ya testi yenyewe, na moja la bidhaa ambalo mtu mwenye laptopu ndogo angekutana nalo akashindwa kuhifadhi wasifu wake. Bila ule ushahidi ingerudiwa kila siku mpaka watu wachoke waifute. Na majadiliano yalichukua muda mfupi kuliko kahawa kupoa, developa aliangalia treisi, akasema nimeona, akaenda kurekebisha. Kwa timu inayotaka kutoa toleo kila wiki hicho ndicho kitu cha thamani, muda kati ya testi kufeli na mtu kujua nini hasa kimeharibika.

Treisi ni faili moja la zip, unaliambatanisha kwenye tiketi na yeyote anaifungua, hata kwa kuiburuta kwenye trace.playwright.dev, ambapo inafunguka ndani ya brauza yako bila kutumwa popote. Ila humo ndani kuna vichwa vya maombi, kuki, na tokeni za kuingilia, kwa hiyo msiitupe sehemu ya wazi kama testi zinagusa mazingira yenye data za watu.

Kingine ninachokipenda ni lokata, yaani namna ya kuiambia testi ni elementi ipi ya ukurasa unayoitaka. Badala ya kuhangaika na njia ndefu za CSS zinazovunjika kila mtu wa muonekano akihamisha div, unaandika getByRole ukitaja kwamba unataka kitufe chenye jina "Hifadhi", au getByLabel ukitaja lebo ya kisanduku. Testi inasomeka karibu sawa na vile stori (maelezo mafupi ya kitu anachohitaji mtumiaji) ilivyoandikwa, mwenye bidhaa anaweza kukaa pembeni akafuatilia. Na kama kitufe hakina jina linalosomeka, testi inagoma, ambayo maana yake hata mtu asiyeona anayetumia kisoma skrini angegota pale pale. Pia ina ukali wake, ukiiambia iklik "Futa" na kwenye ukurasa kuna "Futa" tatu, haichagui ya kwanza kimya kimya, inafeli na kukuorodheshea zote. Wengine wanaudhika na hilo, mimi naliona ni heri, maana testi inayoklik kitufe kisicho sahihi halafu ikapita ni mbaya kuliko ya kufeli.

Codegen ipo, unaklik kwenye brauza inaandika msimbo yenyewe. Inafaa kuanzia. Usiache ilivyo.

Haya, kwenye ile nyota iliyopungua. Ndani ya programu yenyewe kurudia testi iliyofeli kumezimwa, retries ni 0, safi kabisa. Lakini ukianzisha mradi mpya kwa ile amri ya kawaida, faili la setingi unalopewa limeandikwa kwamba kwenye CI testi iliyofeli irudiwe mpaka mara 2, na treisi irekodiwe kwa 'on-first-retry'. Timu nyingi hazigusi faili hilo kabisa. Fikirieni maana yake: testi ikifeli mara ya kwanza haikurekodiwa, inarudiwa ndio rekodi inawashwa, sasa ikipita mara ya pili unabaki na treisi nzuri ya testi iliyofaulu, na ile iliyofeli ambayo ndiyo ulikuwa unaihitaji imepotea. Halafu ripoti inaiandika "flaky", yaani kigeugeu, mara inapita mara inafeli, rangi ya njano kidogo, na CI nzima inaonyesha kijani. Nani anafungua ripoti ikiwa CI ni kijani? Ule mfano wangu wa arifa ungepita humo humo bila mtu kujua.

Na sio jambo dogo hili la testi za kigeugeu. Google waliandika 2016 kwamba karibu asilimia 16 ya testi zao zilikuwa na ukigeugeu wa kiwango fulani, na hao ni watu wenye idara nzima za kushughulikia hayo. Kwa timu ya watu saba madhara ni ya imani, siku watu wakizoea kwamba nyekundu "labda sio nyekundu kweli" basi hata hitilafu halisi itapita mbele ya macho yao wakiiangalia. Ushauri wangu kwenye hili ni wa kushika kabisa: wekeni retries 0 kila mahali, na treisi ibadilishwe iwe 'retain-on-failure', ambayo inarekodi kila testi na kufuta za zilizopita, inaongeza muda kidogo ila inastahili. (Mkiweka retries 0 mkasahau kubadilisha treisi hamtapata treisi yoyote kwenye CI, hakuna cha kurudiwa cha kurekodi.) Kama kuna sababu ya lazima ya kubaki na retries, basi tumieni --fail-on-flaky-tests ili kigeugeu kihesabike ni kufeli. Ile testi inayosumbua itolewe kwenye kundi, iandikiwe stori, ipewe jina la mtu, iingie sprinti hii au inayofuata. Isikae huko pembeni miezi.

Kuendesha testi nyingi kwa wakati mmoja nako kuna shida zake ingawa hapo kosa ni letu zaidi. Playwright inaendesha mafaili ya testi kwa pamoja, na kila testi inapata muktadha wake msafi wa brauza, kuki zake, hifadhi yake, kama mtu mpya. Lakini databesi haijui hayo. Zikishea akaunti moja zitagongana tu. Kila testi itengeneze mtumiaji wake kupitia API (mlango wa programu kuongea na seva moja kwa moja, bila kupitia ukurasa) mwanzoni, inachukua sekunde chache na inaondoa matatizo mengi kuliko setingi yoyote nyingine ninayoijua.

Mipaka yake muijue kabla ya kuahidi watu mambo. WebKit unayopewa sio Safari yenyewe, ni injini ile ile ila imejengwa na wao, kwa hiyo mambo kama ya kucheza video au malipo ndani ya Safari bado yanahitaji kifaa halisi. Kuiga simu ni kuiga tu, ukubwa wa skrini na mguso, na programu za simu zenyewe haigusi, huko nendeni Appium. Kulinganisha picha za skrini nako kunachosha kama nusu ya timu iko Mac na CI iko Linux, fonti zinachorwa tofauti na kila mfumo unahitaji picha zake za msingi, dawa ni kuzipiga zote ndani ya kontena moja.

Na kuna kitu haitakifanya hata mkiisetia vizuri namna gani. Kama kwenu developa anamaliza stori Jumatano ya wiki ya pili, anamrushia testa, na rivyu ya sprinti ni Ijumaa, basi mna maporomoko ya maji ("waterfall", ule mtindo wa hatua moja kuisha kabisa ndio nyingine ianze) yale yale ya zamani yamekatwa vipande vya wiki mbili, na testi za brauza zitaandikwa kwa haraka, ndefu, zinazopitia kila kitu kwa kuklik kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kuweka testi ndogo huko chini. Tulipopata faida ya kweli ni pale testa, developa na mwenye bidhaa walipokaa pamoja kabla msimbo haujaanza, wakakubaliana mifano mitatu minne ya stori, halafu wakaamua ipi inatosha kutestiwa kwenye fanksheni, ipi kwenye API, na ipi moja au mbili ndio zipande mpaka brauza. Hesabu ya kodi na punguzo haina haja ya brauza. Njia ya mteja kuanzia kuingia mpaka kulipa inayo. Na developa ndiye aandike testi ya brauza pamoja na msimbo wake kwenye tawi moja, testa akae naye akimuuliza maswali ya "je mtu akifanya hivi". Playwright inarahisisha hilo kwa sababu UI mode, dirisha lake la kuendeshea testi, inamwonyesha developa testi yake hatua kwa hatua huku akiandika, hasikii kama anafanya kazi ya mtu mwingine.

Nani aichukue basi. Timu ya wavuti inayoanza upya, chukueni bila kuwaza sana. Timu yenye mamia ya testi za Selenium ambazo zinapita na watu wanaziamini, msihame kwa sababu ya mtindo, anzeni na stori mpya tu na zile za zamani zinazowasumbua zaidi, nyingine ziacheni zife kwa wakati wake. Timu ya programu za simu pekee, hii haiwahusu. Na aliyekwisha iweka tayari, fungua playwright.config leo uangalie mistari miwili, retries na trace.